Nyoka Asiye na Jina: Wito kwa Wanafunzi wa Kiswahili Kuingia Msituni

Mvua za masika zinapoinyeshea pwani ya Kilifi, na vuli inapofuata baadaye, hufika katika msitu wa Arabuko-Sokoke wageni wa aina ya pekee. Hawa hawavutwi na fukwe za Malindi wala hoteli za Watamu. Hupiga hema kandokando ya msitu upande wa Gede, hungoja giza liingie, kisha hushika kurunzi na kwenda kuvitafuta viumbe ambavyo watu wengi huvikimbia: nyoka, vinyonga, mijusi, nge, tandu, majongoo na buibui. Hugeuza gogo kwa fimbo na kulirudisha palepale lilipokuwa. Humulika matawi, kwa kuwa kinyonga aliyelala usiku ngozi yake hufifia, akaonekana mweupe katikati ya majani mabichi. Wengine hubeba taa za urujuanimno, ambazo zikimwangukia nge humfanya ang'ae kama kimulimuli.

Mbele ya wageni hao hutembea mwongozaji ambaye mara nyingi ni Mgiriama aliyezaliwa katika vijiji vinavyouzunguka msitu. Yeye ndiye ajuaye ni mti upi wenye shimo linalokaliwa, ni mchanga upi unaopendwa na tandu, na ni mchakacho upi wa majani makavu unaomtaka mtu asimame mara moja. Maarifa hayo yamo katika lugha yake. Hata hivyo, usiku unapokwisha na daftari kufunguliwa mbele ya hema, majina yanayoandikwa ni ya Kilatini na ya Kiingereza. Kiswahili hubaki katika salamu na katika kuagiza chai.

Makala haya yanashikilia kwamba hilo ni pengo linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote, na kwamba pengo lenyewe si la fahari ya lugha peke yake. Linagusa uhai wa watu, riziki yao, na uwezo wa fasihi ya Kiswahili kuendelea kusema jambo lenye maana.

Inafaa kwanza kuutazama msitu wenyewe. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takribani kilomita 420 za mraba, nao ndio msitu mkubwa zaidi wa asili uliosalia kwa kipande kimoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Sifa zake zimeenea ulimwenguni hasa kwa sababu ya ndege wake, akiwemo bundi mdogo aliyepewa jina la Sokoke. Wanyama watambaao na wale wasio na uti wa mgongo hawajapata umaarufu huo, ingawa ndio wengi zaidi na ndio wanaokutana na watu kila siku. Mkulima wa Kakuyuni au Mijomboni huenda asimwone bundi huyo maisha yake yote. Bafe atamwona, tena kwenye njia ya kwenda kisimani.

Kisa cha nyoka mmoja wa Watamu kinalieleza tatizo hili vizuri. Mnamo mwaka 1980, James Ashe, aliyewahi kuwa msimamizi wa sehemu ya wanyama watambaao katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, pamoja na mkewe Sanda, walianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu. Kwa miaka mingi Ashe alishuku kwamba swila mkubwa wa rangi ya kahawia, atemaye sumu, anayepatikana pwani na katika nyanda kavu za Kenya, hakuwa sawa na swila mwingine aliyehesabiwa kuwa wa jamii yake. Mwaka 2004 swila mmoja wa aina hiyo alikamuliwa hapo Bio-Ken, akatoa mililita 6.2 za sumu kwa mkamuo mmoja. Ashe alifariki mwaka huohuo. Mwaka 2007 wataalamu Wolfgang Wüster na Donald Broadley walithibitisha kwamba dhana yake ilikuwa ya kweli, wakamtangaza nyoka huyo kuwa spishi mpya na kumwita Naja ashei, kwa heshima ya marehemu.

Upo uwezekano wa mtu kulisoma tukio hili kwa uchungu na kuuliza iweje nyoka aliyeishi na wenyeji tangu kale aitwe kwa jina la mgeni. Uchungu wa namna hiyo haufai sana. Ashe alipewa jina kwa sababu alitazama; alitumia miaka mingi akitofautisha kilichoonekana kuwa kimoja. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: wenyeji waliomwona nyoka huyo kabla ya 1980 walimtofautishaje na wenzake, na neno gani walilitumia? Kwa Kiswahili cha kawaida yeye ni swila tu. Swila pia huitwa yule wa msituni asiyetema mate, ambaye sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Ikiwa mzee fulani wa Gede au Jilore ana majina mawili kwa nyoka hao wawili, basi majina hayo yanastahili kuwa katika kamusi. Nani amekwenda kumuuliza?

Kamusi zenyewe hazijasaidia vya kutosha. Mwanafunzi akitafuta jina la nyoka, mara nyingi atapata maelezo mafupi kwamba ni aina ya nyoka mwenye sumu kali. Akitafuta jina la mdudu, ataambiwa ni aina ya mdudu. Bafe, moma na kifutu yote hutajwa kwa nyoka yuleyule mnene, mfupi na mvivu wa kuondoka njiani, lakini msomaji haelezwi ni wapi husemwa hivi na ni wapi husemwa vile. Ukukwi humletea picha ya nyoka wa kijani mtini. Sasa, katika miembe, mikanju na minazi ya Kilifi wamo nyoka wa kijani wasio na madhara yoyote kwa binadamu, na yumo pia mamba wa kijani, yule nyoka, ambaye sumu yake yaweza kuua. Neno lisilotenganisha hao wawili ni neno lisilomfaa mtoto anayetumwa kuangua embe.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni lugha maskini kwa asili yake. Pwani hiyohiyo, lugha hiyohiyo inamtofautisha kasa na ng'amba bila kusita, kwa kuwa magamba ya ng'amba yalikuwa bidhaa ya thamani katika biashara ya Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, na mvuvi aliyewachanganya alipata hasara. Lugha huona kile ambacho watumiaji wake wamelazimika kukiona. Kiswahili kilikulia ufukoni na mijini. Kwa hiyo macho yake ya baharini ni makali. Macho ya msituni yamo katika lugha za jirani zake, yaani Wamijikenda, na Wasanye ambao tangu zamani walisifika kwa uwindaji. Wanaisimu huziweka Kiswahili na Kimijikenda katika kundi moja linaloitwa Sabaki, kwa jina la mto unaoingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Kukopa neno la Kigiriama, kwa hivyo, ni kuazima kwa ndugu wa tumbo moja. Ni ajabu kwamba wanafunzi hukesha wakiunda istilahi ndefu kutokana na Kiingereza ilhali neno fupi, lililoiva kwa matumizi, liko umbali wa nauli ya matatu.

Hasara ya pengo hili huonekana kwanza katika zahanati. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyatia madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu unaotokana nayo kwa nusu ifikapo 2030. Wanaoumwa zaidi ni watu wa mashambani, wakulima na wachungaji, nao wengi wa Kilifi huzungumza Kiswahili na lugha ya Kimijikenda. Bafe humwachia mtu uvimbe, maumivu makali na nyama inayooza. Koboko humlegeza, akashindwa hata kuvuta pumzi. Swila anayetema hulenga macho, na hapo dawa ya kwanza ni kuyaosha kwa maji mengi bila kuchelewa. Ni kweli kwamba mganga hutazama dalili zaidi ya jina, na dawa nyingi za kukabili sumu hutengenezwa kwa ajili ya nyoka wa aina kadhaa kwa pamoja. Lakini dalili nyingine huchelewa kujitokeza, na dawa ni ghali na adimu. Mgonjwa anayeweza kusema kwa uhakika ameumwa na nani humwongezea mganga nafasi ya kujiandaa. Anayesema "nyoka" tu humwachia kubahatisha. Wala hana haja ya kumwua nyoka na kumbeba mpaka hospitalini, jambo ambalo huweza kumletea jeraha la pili. Jina sahihi na maelezo sahihi vingetosha.

Zaidi ya hayo, tahadhari zinazobandikwa ukutani hazifai kitu ikiwa zimeandikwa kwa majina yaliyotafsiriwa mezani. Mwanakijiji akisoma habari za "swila mkubwa mtema mate wa kahawia", hatajua kwamba anaelezwa habari za jirani yake aliyeko kwenye kichuguu nyuma ya banda la kuku.

Pili, kuna hasara ya riziki. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 na wenye makao yake katika magofu ya Gede, ulithibitisha kwamba mdudu anaweza kuutetea msitu. Wakati huo wakazi wengi walitamani ardhi ya msitu igawiwe iwe mashamba. Mradi ukawafundisha kunasa vipepeo wachache wa kike, kupanda miche ambayo viwavi hula, kulea viwavi hao, na kuuza pupa zinazosafirishwa hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Wapo vipepeo wanaonaswa kwa ndizi zilizochacha, kwa kuwa hupenda utamu uliovunda kuliko ua. Mkulima aliyekuwa akimwona kiwavi kama adui wa majani alianza kumhesabia ada ya shule. Katika kazi hiyo alilazimika kuzifahamu aina moja moja, na majina aliyoyapata yalikuwa yale yaliyo katika orodha ya mnunuzi. Kiswahili kiliendelea kuwaita wote kipepeo.

Kwamba asiyejua jina hajui bei ni jambo lililodhihirika tena hivi karibuni, mbali na pwani. Mwezi wa Mei mwaka 2025 mahakama moja jijini Nairobi iliwatoza watu wanne, wakiwemo vijana wawili kutoka Ubelgiji, faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kupatikana na maelfu ya chungu hai bila kibali. Wale vijana wawili walikamatwa Naivasha wakiwa na chungu wapatao 5,000, waliopangwa katika vijichupa kwa ajili ya soko la wafugaji wa wadudu ng'ambo. Wakenya wengi walicheka: kumbe chungu naye huibwa? Kicheko hicho kilitoka katika lugha iliyokwisha kuamua kwamba chungu ni chungu. Waliokuja na vijichupa walijua ni chungu gani, malkia wake yukoje, na anauzwa wapi.

Tatu ni hasara ya fasihi, na hapa mwanafunzi wa fasihi hana pa kujificha. Sanaa ya Kiswahili imejaa wanyama hawa. Abdilatif Abdalla, katika diwani yake ya Sauti ya Dhiki iliyochapishwa mwaka 1973 baada ya kifungo chake cha miaka mitatu, ana shairi liitwalo "Mamba", ambamo mnyama huyo wa mtoni hubeba sura ya mwenye nguvu anayejiona hatashindwa. Taswira hiyo ina uzito kwa msomaji anayejua jinsi mamba anavyotulia majini. Vivyo hivyo methali isemayo kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wanafunzi wengi huinukuu katika mtihani, lakini ni wangapi wamewahi kuuona ung'ongo, ule ukanda mwembamba wa jani la mkindu, ukiwa umeanguka njiani jioni? Asiyeuona amebaki na maana ya methali, lakini ule mshtuko umempita.

Kinyonga ameonewa zaidi. Katika insha na riwaya yeye ni mnafiki wa kudumu, kwa kuwa hubadili rangi. Anayemtazama kwa subira usiku na mchana hugundua kwamba rangi zake hutangaza zaidi kuliko kuficha: hubadilika kwa joto na baridi, kwa hasira mbele ya mpinzani, na wakati wa kutafuta mwenzi. Huyo si mnafiki, bali ni kiumbe asiyeweza kuyaficha ya moyoni mwake. Mshairi atakayeliona hilo kwa macho yake atapata sitiari mpya iliyokuwa ikimngoja kwenye tawi tangu zamani. Fasihi inayorithi sitiari bila kurithi wanyama wake hatimaye hurudia maneno tu.

Wapo watakaopinga. Watasema majina ya wenyeji hayaaminiki: jina moja hutumika kwa nyoka watatu, na nyoka mmoja huwa na majina matano, nayo hubadilika kila kijiji. Hiyo ndiyo sababu wanasayansi walichagua Kilatini. Hoja hii ina ukweli, wala hakuna anayependekeza Kilatini kitupwe. Lakini mabadiliko ya jina kutoka kijiji hadi kijiji ndiyo hasa somo la mtaalamu wa lahaja. Yakirekodiwa pamoja na picha, mahali na maelezo ya mnyama, hugeuka kuwa ramani. Yakiachwa, hufa pamoja na wazee.

Wengine watasema kazi hii ni ya wanabayolojia. Mwanabayolojia humpima nyoka urefu, huhesabu magamba yake na kuchunguza sumu yake. Hakufunzwa kusikiliza kwa nini mzee hubadili neno usiku, akakataa kumtaja nyoka kwa jina lake, akamwita kwa fumbo. Hakufunzwa kutofautisha hadithi na maelezo, wala kuona kwamba ndani ya hadithi mna maelezo. Mafunzo hayo yanatolewa katika idara za Kiswahili.

Kuna pia hofu ya haki: kwamba kuorodhesha viumbe na mahali vinapopatikana ni kuwaonyesha wezi njia. Hofu hii lazima iheshimiwe. Orodha ya majina haihitaji kutaja shimo wala mti. Hakuna kiumbe kinachopaswa kukamatwa, kwa kuwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu hilo bila kibali, na maarifa ya mwongozaji yasichukuliwe bila kutajwa jina lake iwapo ataridhia, na bila malipo yake ya siku.

Kinachopendekezwa si kigumu. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili hufanya ziara kila mwaka, na aghalabu ziara hizo huishia Fort Jesus, magofu ya Gede na ufukoni. Ziara moja kati ya hizo na iwe ya siku tatu katika kambi ya Arabuko-Sokoke, kwa idhini ya wasimamizi wa msitu na chini ya waongozaji wenyeji. Kila mwanafunzi awe na viatu vigumu, kurunzi na fimbo, na asitie mkono wake katika shimo lolote wala kumgusa nyoka, awe hai au amekufa. Mchana waketi na wazee, wanawake wachanja kuni na wafugaji wa vipepeo, usiku watembee. Kwa kila kiumbe waandike jina kama lilivyotamkwa, kijiji cha msemaji, umbo na tabia, madhara yake, na misemo inayomhusu. Kisha picha na majina vipelekwe kwa wataalamu wa nyoka wa Watamu na kwa Makumbusho ya Taifa ili jina la Kigiriama, la Kiswahili na la Kilatini yakutanishwe katika mstari mmoja.

Matunda ya kwanza yasiwe tasnifu. Yawe karatasi moja kubwa yenye picha za nyoka kumi wa Kilifi, wenye sumu na wasio na sumu, majina yao kwa Kiswahili na Kigiriama, na la kufanya mtu akiumwa. Karatasi hiyo ibandikwe katika kila zahanati kutoka Mtwapa hadi Marafa. Tasnifu zitafuata, na kamusi zitanufaika.

Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Kwa muda mrefu wanafunzi wa Kiswahili wameusafiria msitu wao kwa nyota za wengine, wakingoja wageni wataje kisha wao watafsiri. Waongozaji waliozaliwa wakati msitu ulipokuwa bado jikoni, ghalani na tabibuni kwao wanazeeka, na watoto wao wanajifunza majina ya Kiingereza kwa sababu ndiyo yanayolipwa. Kazi hii ina muda wake, nao si mrefu. Masika yajayo, mwenye daftari na aende.